Ukuta Uliokataa Mlango

1

Nyumba za mtaa wa Mkomani zilikuwa zimekatazwa kuzeeka, na Salha binti Athman alikuwa akila mshahara wa kuhakikisha hazithubutu. Asubuhi hiyo ya masika alikuwa amechuchumaa katika chumba cha ndani cha mama yake, akitazama ukuta ukitema msumari.

Msumari wenyewe ulikuwa mmoja tu, wa kutundikia tasbihi. Bi Mwanakheri alimwamuru mtumishi aupigilie jana kwa mchi, kwa ukaidi wake tu. Sasa ulikuwa umetokeza zaidi ya nusu, chokaa ikiusukuma kutoka ndani polepole, jinsi nyama inavyosukuma mwiba. Ulianguka sakafuni, na tundu likafumba. Salha alipitisha kidole mahali pale asione hata alama.

"Mama, si nilikwambia?"

"Uliniambia," alijibu Bi Mwanakheri kutoka kitandani. "Nilitaka kuona kama ukuta huu una haya. Hauna."

Chokaa ile ilikuwa hai. Ndani yake viliishi vijidudu vilivyofugwa maabara, vikinywa unyevu na kula chumvi, vikitoa chokaa mpya usiku na mchana. Bahari ilipopanda na chumvi kuanza kuzitafuna kuta za matumbawe, nyumba kongwe za Lamu zilikuwa zikiwaangukia watu wakiwa kwenye sala, wakiwa mezani. Idara ya Nyumba Kongwe ilipoleta chokaa hai, mtaa mzima ulipiga vigelegele, na haukukosea kupiga. Kila nyumba ilipigwa sura: mashine ilisoma kila pembe, kila kidaka, kila ufa, na vijidudu vikafundishwa sura hiyo. Tangu hapo nyumba hurudi palepale. Ukiibomoa hujijenga, ukiiongeza hutema. Boriti za mikoko zilishaoza zote ndani ya dari, na kinachozuia dari zisiwaangukie watu sasa ni chokaa yenyewe.

Jambo ambalo Idara haikulipigia mbiu ni kwamba nyumba za Mkomani zimeshikana kuta, kwa hiyo chokaa ya mtaa mzima ni mwili mmoja. Ukuta ukijeruhiwa huvuta chokaa kutoka mahali pengine ili ujiponye, wala haumwombi mtu ruhusa. Mzee Bwanamaka alitoboa dirisha la kupitisha upepo. Dirisha lilijiziba kabla upepo haujazoea kupita, na dari ya jiko la jirani yake ikashuka ikamvunja mama wa watu nyonga. Baada ya hapo hakuna aliyeshika nyundo Mkomani. Watu waliishi ndani ya nyumba zao kwa adabu, kama wageni.

Ngazi ililia kwa miguu ya mtu. Alikuwa Tima, binti wa Bi Mayasa, dada mkubwa wa Bi Mwanakheri. Alizunguka vichochoro vitatu kufika, ingawa nyumba ya mama yake ilikuwa nyuma ya ukuta uleule uliotema msumari.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mamako aliamkaje?"

Tima alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Daktari amesema tusimsumbue tena na dawa. Tumpe anachotaka tu. Na anachotaka, mama mdogo, ni kulala kwenye wikio. Tumemhamisha jana. Kichwa chake kiko ukutani hapo."

Wote watatu waliutazama ukuta.

Wikio ni chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili huko ghorofani. Baba yao alilijenga Bi Mayasa alipoolewa, ili binti zake wawili waendeane bila kukanyaga nje. Mlango wake haukuwa na komeo. Wali ukipikwa jiko hili, ukoko uliliwa jiko lile. Kisha ikaja arusi ya Tima. Bi Mayasa akamchagua mwanamke wa mbali kuwa kungwi wa bibi-arusi, akamwacha mdogo wake akae mkekani na waalikwa. Mtu wa bara angecheka. Kwa Bi Mwanakheri lilikuwa kofi mbele ya mji, na hasira zake hazikuwa za kumwagiwa maji zikazimika. Siku moja kabla ya nyumba kupigwa sura, aliita mafundi wauzibe mlango kwa mawe na kuupiga lipu. Kwa muda tu, alisema. Mpaka Mayasa azunguke nje kama mgeni, abishe hodi, aombe radhi.

Salha ndiye aliyekuja na mashine ya sura. Alikuta lipu mbichi. "Mama, na mlango?"

"Kazi yako ni kupiga unachokiona. Piga."

Naye akapiga. Salha alikuwa mtu wa kanuni tangu shuleni, mtu wa kurudisha chenji ya senti tano dukani. Alipiga alichokiona, na ukuta ukajifunza kuwa ukuta.

Radhi haikuja. Zikapita arusi nyingine na matanga, Bi Mayasa akawa mgonjwa, Bi Mwanakheri akaanguka bafuni nyonga ikaganda. Walijaribu kumteremsha kwa machela apelekwe kwa dada yake. Ngazi za nyumba hizi ni nyembamba na hupinda mara mbili, na alipofika kona ya kwanza alipiga ukelele uliowafanya wanaume wanne waanze kulia. Salha aliiandikia Idara. Idara ilijibu kwa heshima kwamba siku ya sura hapakuwa na mlango. Kubadilisha sura ya nyumba moja kulihitaji mtaa mzima uhame, chokaa ilazwe, nyumba zote zipigwe sura upya. Labda mwakani.

"Na simu bado hataki?" aliuliza Salha.

"Nimemshikia sikioni, akaitupa," alisema Tima. "Anasema, aliyeziba kwa mkono na azibue kwa mkono. Asinisemeshe kwa simu kama mtu wa benki."

Bi Mwanakheri alicheka kidogo, kisha uso ukamharibika. "Ana haki. Salha, nitobolee tundu. Mkono tu upite. Sitaki mlango tena. Nataka anishike, ajue ni mimi."

2

Salha alipiga hesabu mchana kutwa. Tundu la mkono, kwenye ukuta wenye unene wa dhiraa, lingevuta chokaa kidogo kidogo kutoka kila nyumba, unene wa ukucha na pengine usifike. Aliihakiki hesabu, akaihakiki tena. Palikuwa na mahali pamoja palipomtia wasiwasi: chumba cha Rukia, nyumba iliyoegemea yao upande wa chini, ambacho dari yake ilikuwa nyembamba kuliko zote mtaani.

Rukia alikuwa ndani ya arobaini. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, akalala naye katika chumba kile chenye harufu ya udi na mafuta ya kukandia, asitoke, kama walivyolala mama yake na bibi yake.

"Siji kukuomba uhame," Salha alimwambia. "Najua huwezi. Nakuja kukuomba ruhusa. Ukisema hapana, sitoboi, na mama sitamwambia kuwa ni wewe."

Rukia alimtazama mtoto. "Utavuta kwangu?"

"Utavuta kila mahali. Kwako kidogo tu."

"Una hakika, da Salha?"

Hapo angeweza kusema hesabu ni hesabu na ukuta ni ukuta. Angeweza kusema kwamba hakuna mtu aliyewahi kujaribu tundu la mkono. Lakini alikuwa ameshaona uso wa mama yake. "Nina hakika," alisema.

"Basi toboa. Bi Mwanakheri ndiye aliyenisomea nilipokuwa kwenye uchungu, yeye kitandani kwake na mimi kwangu, kwa simu, mpaka asubuhi. Nitamnyima tundu?"

3

Keekee iliingia ukutani kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri. Ililia, ikatoa unga mweupe wenye joto, na Salha akaupanua mdomo wa tundu kwa tindo mpaka likatosha mkono wa mtu mzima. Mwanga wa wikio ulipopenya kutoka upande wa pili, harufu ya dawa ya Bi Mayasa ilipita. Ukuta ule ulikuwa haupitishi hata adhana. Sasa ulipitisha pumzi za mtu.

Walisogeza kitanda. Bi Mwanakheri alipandisha mkono wa kanzu, akapiga bismillahi, akauingiza mkono mpaka kwapani. Alikaa hivyo, shavu lake likiwa limebanwa ukutani, macho ameyafumba. Mara akashtuka mwili mzima.

"Ni nani huyu mwenye mkono wa barafu?" sauti ilitoka tunduni, nyembamba, ya mtu anayehesabu pumzi.

"Ni mimi, da Mayasa."

"Kucha bado huzikati."

"Na wewe pete ya marehemu baba bado hujaivua. Ulisema umeipoteza."

"Nilisema hivyo nisikupe."

Bi Mwanakheri alicheka, na kicheko kikageuka kilio bila kupumzika katikati. Salha alisogea dirishani ili asisikilize, lakini alisikiliza. Alikuwa na furaha. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya kuwafungia watu nyumba zao, alikuwa amefungua kitu.

"Mwanakheri, ule mlango..."

"Usiutaje yeo, dada. Si siku ya leo."

"Niutaje ndiyo. Nilikuwa nikija. Wallahi nilikuwa nimevaa buibui, kama mgeni, nikija kukuomba radhi, nikauona umezibwa. Nikarudi nikaivua."

Bi Mwanakheri alikaza mkono ndani ya tundu. Alikuwa akitikisa kichwa, akitikisa, lipu ikimparuza shavu. "Nishike," alisema mwisho. "Nishike tu. Sitauondoa mkono huu mpaka uniambie niuondoe."

"Nami sikwambii."

Kipimo cha Salha kilikuwa mezani, kibao cha kioo kinachoonyesha mtaa mzima kwa rangi. Kilipoanza kulia alidhani ni kengele ya unyevu, kwa maana masika huifanya chokaa ichangamke. Akakitazama. Mtaa mzima ulikuwa wa kijani, isipokuwa sehemu mbili. Tundu lilikuwa jekundu. Na dari ya Rukia ilikuwa ikigeuka rangi ya chungwa huku akiitazama.

Alielewa mara moja. Alikuwa amepiga hesabu ya tundu tupu. Tundu tupu lina mwisho. Ukuta hulijaza ukatulia. Lakini mkono ni kitu ambacho sura haikijui, nacho hakitoki kama msumari. Ukuta ulikuwa ukiusukuma, ukishindwa, ukivuta chokaa zaidi usukume kwa nguvu zaidi, nao ulikuwa ukiivuta mahali palipo dhaifu.

"Mama, toa mkono."

"Sitoi."

"Mama, ukuta unavuta kwa Rukia. Utoe kidogo tu, ukuta utulie, nitakutobolea tena kesho."

"Dada yangu ana kesho?"

Simu ya Salha ililia. Alikuwa Rukia, na nyuma yake mtoto alikuwa akipiga kelele. "Da Salha, vumbi linamwagika juu ya mwanangu. Nimemtia chini ya kitanda. Nimetaka kutoka, mlango haufunguki, jiwe la juu limeushukia. Da Salha, uliniambia una hakika!"

"Kaa naye hapo chini ya kitanda," alisema Salha. "Usitoke."

Salha aliweka simu chini. Chokaa ilikuwa imeshaubana mkono wa mama yake juu kidogo ya kiwiko, nyeupe, laini, ikisogea kwa mwendo wa kitu kisicho na haraka. Angeweza kuubomoa ukuta wote kwa nyundo amwokoe mama yake kutoka kwenye chaguo lile, lakini jeraha kubwa lingevuta zaidi, na juu ya Rukia palikuwa hapajabaki cha kuvutwa. Na kama angengoja? Bi Mayasa alikuwa akipumua kwa kuchagua. Huenda ni saa moja. Huenda ni dakika chache, na dakika chache dari ingehimili, au isihimili. Alijua hesabu zake sasa zina thamani gani.

Alipaka mafuta ya nazi mkononi mwa mama yake na kuzunguka mdomo wa tundu. Bi Mwanakheri alifumbua macho, akajua.

"Salha. Usinifanyie hivi. Mimi mamako nakuomba."

"Nisamehe, mama."

"Nakuomba, mwanangu! Ananishika! Anazidi kunishika!"

Salha aliegemeza mguu ukutani, akavuta. Alivuta kwa nguvu zote, kama mtu anayemtoa mnyama kisimani, na mama yake akipinga kwa mwili wake wote mgonjwa. Ngozi ilichubuka kuanzia kiwiko. Halafu kiganja kikatoka kitupu, na pete ya babu ikiwa imeacha alama nyekundu kwenye vidole vilivyokuwa vimeibana.

Kutoka tunduni sauti iliuliza, bila hasira, kwa mshangao: "Mwanakheri? Mbona waniacha?"

"Si mimi!" Bi Mwanakheri alijitupa ukutani. "Dada, si mimi! Ni Salha amenivuta!"

"Hata yeo, Mwanakheri? Hata yeo?"

"Si mimi!"

Lakini ukuta ulikuwa umepata nafasi uliyoitaka. Tundu lililokuwa la mkono likawa la kidole, la kidole likawa la sindano, na sauti ya Bi Mayasa ikakatika katikati ya neno. Kwenye kibao, dari ya Rukia ilirudi taratibu kuwa ya kijani. Bi Mwanakheri aliendelea kulipigia kelele jiwe.

4

Salha alikimbia. Alishuka ngazi, akapita kichochoro cha kwanza na cha pili, akagonga watu, akavua kiatu kilichokatika. Mlangoni kwa Rukia aliona wanaume wakitoa fremu kwa mtaimbo na akasikia mtoto akilia, kilio kizima cha mtoto mwenye njaa, akashukuru Mungu asisimame. Kwa Bi Mayasa hakubisha hodi.

Tima alikuwa amemwinua mama yake kwenye mto. Macho ya Bi Mayasa yalikuwa wazi, yakiutazama ukuta. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umenyooshwa kwenye lipu, mahali ambapo hapakuwa na kitu.

"Mama mkubwa," Salha alipiga magoti, akihema. "Shikamoo. Ni mimi Salha. Ni mimi niliyemvuta mama. Yeye hakukuachia. Alikataa, nikamvuta kwa nguvu, dari ilikuwa inamwangukia mtoto wa Rukia. Naapa. Hakukuachia."

Bi Mayasa aliyageuza macho. Alimtazama mpwa wake muda mrefu, kwa upole, jinsi mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyetumwa na wakubwa kusema uongo.

"Mlango ulipozibwa," alisema, "nilimtuma mtu kwake akamuulize. Alijibu si yeye. Ni mafundi." Alivuta pumzi, na ikachelewa kuja. "Kila mara huwa ni mtu mwingine."

"Mama mkubwa, safari hii ni kweli."

"Haya, mwanangu. Nimesikia."

Hakusema amesadiki. Salha alimbusu mkono, akamweleza tena tangu mwanzo, hesabu, tundu, dari, mtoto. Alikuwa bado anaeleza Tima alipomgusa bega na kumwambia anyamaze, mama ameshaondoka.

Alirudi polepole. Kila mtu aliyekutana naye alimpa pole, na wengine walimsifu, kwa kuwa habari za mtoto wa Rukia zilikuwa zimeshaenea. Alipanda ngazi. Bi Mwanakheri alikuwa amekaa palepale, damu imekauka mkononi, paji la uso kwenye ukuta mweupe usio na hata kovu.

"Ulimuwahi?"

"Nilimuwahi, mama. Innalillahi. Ameondoka mikononi mwa Tima."

Bi Mwanakheri aliyafumba macho. Midomo ilisoma kilichopaswa kusomwa. Kisha akauliza, bila kugeuka: "Ulimwambia si mimi?"

"Nilimwambia."

"Akasemaje?"

Salha alisimama katikati ya chumba. Alikuwa amechoka, na hakuwahi maishani kujua namna nyingine ya kujibu swali zaidi ya kulijibu. Alimwambia mama yake kila neno, mafundi na yote, kama alivyolisikia.

Bi Mwanakheri hakulia. Salha akasogea karibu amsafishe mkono. Mama yake aliuondoa mkono huo na kuuficha chini ya shuka.

"Ungenidanganya tu, Salha," alisema. "Ulishindwa nini kunidanganya?"